Gari la kukodi Florence: siku mbili, Volterra na San Gimignano

Tulikaa Florence, Italia, siku sita, mimi na mke wangu, tukakodi gari siku mbili tu. Hizo mbili ndizo tunazozisimulia hadi leo.

Gari tulilichukua uwanja wa ndege wa Peretola, na nashauri mfanye hivyo hivyo. Tramu ya T2 inakufikisha huko kutoka karibu na stesheni ya Santa Maria Novella, hivyo huna sababu ya kuingia na gari katikati ya mji. Kule kuna ZTL, eneo lisiloingiwa na gari bila kibali, na kamera zake hupiga picha namba za magari. Nilikuwa na leseni ya kimataifa pamoja na ya Tanzania. Kaunta walitaka kuona zote mbili. Kama umezoea otomatiki, iombe mapema, maana magari mengi ni ya gia za mkono.

Ugumu kwetu tunaoshika kushoto ni vipilefti. Unaingia kwa kulia na kumpisha anayetoka kushoto kwako. Mke wangu alinikumbusha "kulia, kulia" mpaka tukafika barabara ya Siena, ambayo hailipiwi.

Volterra ndiyo iliyonigusa. Kwa basi lazima ubadilishe basi katika mji wa Colle di Val d'Elsa. Kwa gari unapandisha vilima vya ngano, unasimama unapotaka. Pale kuna lango la kale la Waetruski, watu walioishi Italia kabla ya enzi ya Warumi, liitwalo Porta all'Arco. Mwaka 1944 Wajerumani walitaka kulilipua, wakazi wakang'oa mawe ya barabarani wakaliziba, likasalimika. Nilishika ukuta wake nikakaa kimya kitambo. Nenda pia uwaone mafundi wa kuchonga alabasta, jiwe laini.

San Gimignano, yenye minara 14 iliyobaki, ni nzuri ila inajaa watu, fika asubuhi.

Maegesho: mistari myeupe ni bure, ya bluu unalipia, ya njano usiguse. Mimi nilipitiliza bango la ZTL katika mji mmoja mdogo. Miezi kadhaa baadaye kampuni ya gari ilinikata ada ya kuwapa wenye mamlaka jina langu, kisha faini yenyewe ikaja kwa barua. Bango lina duara jekundu, ukiliona, geuza.

Pisa tulikwenda kwa treni, gari halihitajiki. Tukijaliwa kurudi, tutaongeza siku ya tatu kwa ajili ya barabara ya Chianti, eneo la mashamba ya mizabibu, yaani SR222.