Vikokotoo vya mshahara vya mtandaoni: vipimeni kwanza, ndipo mtaje kiwango

Ukitamka "kikokotoo" Tanzania, wengi watadhani unasema kile cha mafao ya pensheni kilichozua zogo mwaka 2018. Hapa tunapitia vingine, vile vya bure vilivyojaa mtandaoni na kwenye simu: unaingiza mshahara ghafi, yaani kabla ya makato, vinakutajia kitakachoingia mkononi. Mtu anayeitwa kwenye usaili huvifungua usiku wa kuamkia siku hiyo, akachukua namba ya kwanza aliyoiona, akaenda nayo mezani. Matatizo huanzia hapo, maana vingi vina kasoro na vyote vinajibu kwa kujiamini kulekule.

Mapitio haya ni ya ajira za Tanzania Bara, sekta rasmi.

Mwajiri anapouliza "unatarajia mshahara kiasi gani?", huwa anafikiria ghafi. Anayejibu "milioni moja na nusu" huwa anafikiria mkononi. Hakuna anayedanganya, ila ofa ikifika na barua ikasainiwa, milioni 1.5 ghafi inatoa 1,117,000 mkononi. Pengo ni 383,000 kila mwezi. Kwa mwenye deni la Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, mkononi inabaki 892,000. Kikokotoo kizuri kazi yake ni kuliziba pengo hilo kabla hujafungua mdomo.

Kukijua kama ni kizuri, kipe mtihani mmoja. Andika 1,800,000 kama mshahara ghafi, mfuko wa hifadhi ya jamii NSSF, bila mkopo wala posho. Hesabu sahihi inakwenda hivi. NSSF inachukua asilimia 10, yaani 180,000. Kinachobaki, 1,620,000, ndicho kinachotozwa PAYE, kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara. Kwa viwango vya tangu Julai 2021, 270,000 za kwanza hazina kodi. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8. Hadi 760,000 ni 20. Hadi 1,000,000 ni 25. Zaidi ya hapo ni 30. PAYE inakuwa 314,000. Mkononi: 1,306,000. Namba hiyo isipotoka, usikifunge kwanza. Angalia imetoka ipi, kwa sababu kila kosa lina alama yake.

PAYE ikisoma 316,500, kikokotoo kimebaki kwenye asilimia 9 ya daraja la kwanza, kiwango kilichoondoka Julai 2021. Ni tofauti ya 2,500 tu, haikuumizi mfukoni, lakini inakuonyesha kwamba mwenye ukurasa hajaugusa kwa miaka. Usimwamini kwa mengine.

Ikisoma 368,000, kimetoza kodi kwenye 1,800,000 nzima bila kutanguliza NSSF. Hili ni kosa la kawaida sana, nalo linakupunja 54,000 kwa mwezi kwenye makisio. Na kuna kichekesho hapa: ikisoma 368,100, ugonjwa ni mwingine kabisa. Hapo NSSF imetolewa vizuri, ila madaraja ni ya kabla ya Julai 2020, enzi ambazo kodi ilianzia 170,000. Shilingi mia moja ndiyo inayotenganisha kosa la mpangilio na jedwali lililochakaa. Vikokotoo vinavyokuonyesha jibu la mwisho peke yake, bila mstari wa NSSF na mstari wa PAYE, vinakunyima hata nafasi ya kuligundua hilo. Hivyo tunavipa sifuri hata kama jibu ni sahihi.

Mtihani wa pili ni wa mkopo wa elimu ya juu, na hapa ndipo vingi vinapoanguka vibaya. Makato ya Bodi ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na hayapunguzi kodi. Kwa 1,800,000 ambayo yote ni msingi, Bodi inachukua 270,000 na mkononi inabaki 1,036,000. Kikokotoo kikikuambia 1,117,000, kimeutoa mkopo kabla ya kodi, kama vile ni mchango wa pensheni. Umepewa matumaini ya 81,000 ambazo hazipo. Kosa hili ni baya kuliko lile la 54,000, kwa sababu lile linakufanya uombe zaidi, hili linakufanya ukubali kidogo.

Vingine vinakata asilimia 15 ya ghafi nzima, posho zikiwemo. Vijaribu kwa kugawanya: msingi 1,400,000 na posho 400,000. Mkopo unatakiwa ushuke hadi 210,000, na mkononi upande hadi 1,096,000. Kama kikokotoo hakina sehemu mbili za kujaza, ya msingi na ya posho, hakimfai mwenye mkopo.

Tukiwa hapohapo kwenye kugawanya: usikimbilie kuomba posho kubwa na msingi mdogo kwa sababu tu namba ya mkononi imependeza. Deni liko palepale, linalipwa pole pole zaidi. Halafu sheria ya ajira inapima mambo kwa mshahara wa msingi: saa za ziada ni mara moja na nusu ya msingi, na kiinua mgongo ni angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Msingi ukishushwa kwa 400,000, hivyo vyote vinashuka nao. Hakuna kikokotoo tunachokijua kinachokuonya kuhusu hili.

Kuhusu posho, kuna visanduku vya "posho isiyokatwa kodi" ambavyo vinapaswa kuwekewa alama ya hatari. Katika kampuni binafsi, posho ya nyumba au ya usafiri inayolipwa kwa fedha kila mwezi pamoja na mshahara inatozwa PAYE kama mshahara wenyewe. Mtu anajaza 400,000 kwenye kisanduku kile, kodi inayeyuka, anafurahi. Mwisho wa mwezi karatasi ya malipo inamwambia vingine. Kisanduku hicho kiache tupu, labda uwe na andiko la mwajiri linaloeleza kwa nini malipo hayo hayatozwi.

Gari la kampuni ni habari nyingine, na vikokotoo havilijui kabisa. Faida ya gari inahesabiwa kwa ujazo wa injini na umri wake: la kati ya cc 1,000 na 2,000, lisilozidi miaka 5, linaongeza 500,000 kwenye kipato kinachotozwa kodi kwa mwaka mzima. Linganisha na posho ya usafiri ya 300,000 kwa mwezi, ambayo ni 3,600,000 kwa mwaka na yote inatozwa. Ukiwa na chaguo kati ya hayo mawili, hesabu hiyo ifanye kwa mkono.

Sasa kitu muhimu kuliko vyote kwa mtu anayejadili ofa: kurudi nyuma, kutoka mkononi kwenda ghafi. Wewe unajua kodi ya nyumba, ada za watoto, nauli. Unajua unahitaji kiasi gani mkononi. Mwajiri anataka ghafi. Vikokotoo vichache vina kitufe hicho, na baadhi ya hivyo vichache vinabahatisha kwa kuongeza asilimia isiyobadilika juu ya namba yako, jambo lisilowezekana kwenye kodi ya madaraja. Mtihani ni mwepesi: ingiza 1,306,000 upande wa mkononi. Isirudi 1,800,000, achana nacho.

Na kusema kweli, kwa mishahara ya kuanzia 872,000 mkononi huhitaji kikokotoo. Chukua unachotaka mkononi, toa 172,000, gawanya kwa 0.63. Mwenye mkopo, kama mshahara wote ni msingi, anagawanya kwa 0.48, kwake njia hii ni sahihi mradi ghafi itakayotoka izidi 1,111,000 hivi. Anayetaka 1,500,000 mkononi anatakiwa aombe kama 2,108,000 ghafi. Mwenye mkopo, kama 2,767,000. Hiyo 0.63, yaani kinachobaki kwenye kila shilingi ya juu baada ya NSSF na kodi ya asilimia 30, ndiyo inayokueleza pia uzito wa nyongeza. Afisa utumishi akisema "tunakuongezea laki mbili", mkononi ni 126,000, na kwa mwenye mkopo ni 96,000. Hapo ndipo mtu anaamua kama ataendelea kuvutana au atahamia kwenye kuomba bima ya familia.

Wanaohama kutoka serikalini waangalie kitu kimoja zaidi. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, inamkata mtumishi asilimia 5 na mwajiri analipa 15. NSSF kwa kawaida ni 10 kwa 10. Mtumishi mwenye 1,800,000, yote msingi, anapata 1,369,000 mkononi kabla ya makato mengine kama bima ya afya. Kampuni binafsi ikimpa 1,900,000, mkononi anapata 1,369,000 ileile, shilingi kwa shilingi. Amehama kwa nyongeza ya laki moja ambayo haipo. Kikokotoo kisichokuwezesha kuchagua mfuko hakitakuonyesha hili. Kitakupa tabasamu la bure.

Vipo vinavyoonyesha pia gharama ya mwajiri, na hivyo tunavipenda, kwa sababu vinakuweka upande wa pili wa meza. Juu ya 1,800,000 mwajiri analipa NSSF 180,000 na mfuko wa fidia kwa wafanyakazi asilimia 0.5, yaani 9,000. Akiwa na wafanyakazi 10 au zaidi, kuna na tozo ya ufundi stadi, SDL. Tozo hii ilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5 Julai 2023, kwa hiyo kikokotoo kinachoandika 4 kilikufa siku nyingi. Mwajiri anaposema "bajeti yetu ya nafasi hii ni milioni mbili", muulize kwa adabu: "Samahani, hiyo ni ghafi ya mfanyakazi, au ni pamoja na michango ya kampuni?" Majibu hayo mawili yanatofautiana kwa karibu laki mbili au zaidi.

Programu za simu zina dosari zake. Nyingi ni zilezile za kwenye tovuti zikiwa zimefungashwa na matangazo, na zinasasishwa pale mwenyewe anapokumbuka. Tazama tarehe ya sasisho la mwisho kabla ya kupakua, bajeti mpya huanza kutumika Julai mosi. Inayoomba ruhusa ya kusoma majina ya simu yako iondoe, kazi ya kuzidisha na kutoa haihitaji namba ya shangazi. Za kulipia hatuoni sababu. Roboti za mazungumzo nazo zinajibu vizuri zikibanwa: usiulize "mkononi nitapata ngapi", iambie iandike mstari wa NSSF, kipato kinachotozwa na PAYE kwa kila daraja, kisha uvilinganishe na jedwali la Mamlaka ya Mapato, TRA. Zisipobanwa, hurudi kwenye madaraja ya zamani bila haya.

Aliyepata ofa ya Kenya asitumie chochote cha hapa, na kwa vya kule kuna kipimo cha haraka: ukiona bado kuna mstari wa NHIF, bima ya afya ya zamani ya Kenya, ukurasa umepitwa, maana SHIF ya asilimia 2.75, iliyochukua nafasi yake, ilianza Oktoba 2024. Na tangu mwisho wa Desemba 2024, SHIF na tozo ya nyumba hutolewa kabla ya kodi. Zamani zilikuwa na nafuu yake baada ya kodi. Kikokotoo ambacho bado kinaandika nafuu hiyo kitakosea hata kama SHIF kimeipata.

Kipi basi tunakipendekeza? Cha kutengeneza mwenyewe, kwenye jedwali la kompyuta au la simu, kazi ya dakika kumi. Seli B1 weka msingi, B2 posho. B3 ni NSSF: =(B1+B2)*10%. B4 ni kipato kinachotozwa: =B1+B2-B3. B5 ni PAYE yote kwa mstari mmoja: =8%*MAX(0,B4-270000)+12%*MAX(0,B4-520000)+5%*MAX(0,B4-760000)+5%*MAX(0,B4-1000000). Hizo 12, 5 na 5 ni ongezeko la kiwango kila daraja linapopanda, kutoka 8 kwenda 20, 25 hadi 30. B6 ni mkopo: =B1*15%, au sifuri. B7 ni mkononi: =B1+B2-B3-B5-B6. Simu au kompyuta ikiwa imewekwa lugha kama Kifaransa au Kijerumani, inaweza kudai nukta mkato badala ya koma ndani ya mabano. Fomula ikikataa, anzia hapo.

Ongeza seli moja ya makato mengine, kwa mfano bima ya afya ya NHIF ya Tanzania kwa ofisi zinazoitumia au ada ya chama cha wafanyakazi, na uliza kuhusu hayo kabla ya kusaini. Mkataba ukiandikwa kwa "mkononi" badala ya ghafi, ulizia mkopo waziwazi: waajiri wengi humaanisha baada ya kodi na NSSF tu, na Bodi inakuja kukata kwenye hiyohiyo uliyodhani ni yako yote.