Uzoefu wangu: kuikagua CD4 kwenye PDB

Picha ile ya vitabuni, VVU vimechorwa kama ufunguo na seli ya kinga kama kufuli, ilinichosha zamani. Sasa nafundishia PDB, hifadhi ya maumbo ya protini iliyoanza mwaka 1971 ikiwa na maumbo 7 tu. Leo yamepita 200,000. Ni bure, na hakuna cha kujisajili.

Andika 1GC1 kwenye kisanduku cha kutafutia. Ni umbo lililochapishwa mwaka 1998: CD4, protini iliyo juu ya seli T saidizi, ambazo ni seli za kinga, ikiwa imeshikana na gp120, protini iliyo juu ya VVU. Linafunguka humohumo kwenye kivinjari, hupakui programu yoyote. Juu utaona mfuatano wa asidi amino. Chagua mnyororo C, ambao ndio CD4, kisha ubonyeze namba 43. Hapo ndipo penye utamu. Asidi amino moja, fenilalanini, imechomoza ukingoni mwa CD4 na kuziba mdomo wa shimo lililoko kwenye gp120. Jirani yake, arjinini 59 yenye chaji chanya, imeng'ang'aniana na asidi aspatiki 368 ya virusi, yenye chaji hasi. Zungusha utakavyo, uone ni eneo dogo kiasi gani linalobeba kazi hiyo yote. Mchoro wa ubaoni hauwezi kukuonyesha hilo, hata uchore vizuri vipi.

Ila usiondoke ukidhani umeiona CD4 nzima. Nje ya seli ina sehemu nne, na humu zimo mbili za juu tu. gp120 nayo imekatwa vipande vinavyopepea na kuondolewa sukari nyingi, la sivyo ingekuwa vigumu kuipata katika fuwele, na fuwele ndiyo iliyotumika kulisoma umbo hili. Minyororo L na H ni kipande cha kingamwili kilichotiwa na watafiti, si sehemu ya seli wala ya virusi. Wanafunzi huwa wanaikodolea macho hiyo kwanza kwa sababu ni mikubwa, kwa hiyo ifiche kabla ya kipindi kuanza.

Kwenye simu inafunguka, ila kidole kinafunika ile asidi amino unayoitafuta. Kompyuta yenye kipanya ndiyo mpango mzima. Maelezo yote ni ya Kiingereza. Kwa kidato cha tano na sita, au chuo cha maabara, naipa nyota tano. Kidato cha pili, hapana, watachezea rangi tu mpaka kengele igongwe.