Mashine ya Kuchomea Gyros Nyumbani: Uzoefu Wangu wa Mwaka Mmoja Jijini Athens

Ninaishi Kypseli, mtaa wa Athens wenye wahamiaji wengi wa Kiafrika, Watanzania tukiwamo, na chini ya jengo letu pana duka la gyros, nyama inayochomwa ikizunguka kwenye kijiti na kuliwa ndani ya mkate, ambalo kwa miaka minne lilinifanya nisiwaze hata siku moja kuipika mwenyewe. Tatizo ni mwezi wa Agosti. Sikukuu ya Mama wa Mungu ya tarehe 15 inapokaribia, wakazi wengi wa mji huu huondoka kwenda vijijini na visiwani, na mwenye duka letu naye hubandika karatasi mlangoni na kutoweka kwa wiki tatu. Mwaka jana wanangu wawili walilalamika kiasi kwamba mke wangu alisema afadhali tununue mashine yetu wenyewe. Yeye alitania, lakini mimi niliiagiza mtandaoni usiku uleule kwa yuro 79. Tangu wakati huo nimeitumia karibu mara thelathini, na naona nimeifahamu vya kutosha kumweleza mtu anayefikiria kununua ya aina hiyo.

Ni jiko dogo la umeme la wati 1500, lenye kijiti kimoja kinene cha chuma kinachosimama wima juu ya sahani inayozunguka, koili mbili upande wa nyuma, mlango wa kioo mbele na trei ya kukingia mafuta chini. Huja pia na vijiti vyembamba saba vya mishikaki, ambavyo kwa kweli vinafanya kazi nzuri kuliko nilivyotarajia. Maandishi ya kwenye boksi yanadai kuwa linabeba kilo 3 za nyama. Kijiti kinazibeba, hilo sikatai, ila nyama ya kilo 3 huwa nene kiasi cha kugusa kioo upande mmoja na koili upande wa pili, ikaungua mistari mistari huku ndani ikiwa mbichi. Kipimo chake halisi ni kilo moja na nusu, na ukitaka iive vizuri zaidi, kilo moja na robo.

Hapo ndipo penye udhaifu mkubwa wa mashine hizi za nyumbani. Mpishi wa dukani ana mpini wa kusogeza nguzo ya nyama karibu na moto au mbali nao, kwa hiyo kadiri nyama inavyopungua kwa kukatwa ndivyo anavyoisogeza, na moto unabaki ukiilamba kwa nguvu ileile. Mashine yangu haina mpini wa namna hiyo. Koili zimekaa mahali pamoja tangu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo ukishakata tabaka mbili za nje, nyama iliyobaki inakuwa mbali na moto, na badala ya kuchomeka inakauka polepole. Nilipoteza miezi miwili nikidhani kosa ni la viungo vyangu.

Kosa langu la kwanza, hata hivyo, lilitokana na kijitabu cha maelekezo, ambacho kinafundisha kusaga nyama ya ng'ombe na ya kondoo pamoja na kuikandika kwenye kijiti. Hiyo ni gyros ya Marekani, ile iliyoenezwa na viwanda vya Chicago tangu miaka ya 1970, ambapo nyama husagwa mpaka ikawa kama uji mzito, ikashindiliwa na kugandishwa kabla ya kupelekwa madukani. Mimi sina mtambo wa kuishindilia wala friza ya kuigandisha kwa kiwango hicho, na baada ya dakika ishirini za kuzunguka, tonge lote la nyama liliteleza kwenye kijiti na kuanguka kwenye trei mbele ya wanangu, ambao hadi leo hawajachoka kulisimulia.

Hapa Ugiriki gyros ya kawaida ni ya nyama ya nguruwe, ile ambayo nyumbani tunaiita kitimoto, iliyokatwa vipande bapa na kupangwa juu kwa juu. Ya kuku nayo ipo kila duka. Mpangilio wake na wa shawarma tunayoijua Dar es Salaam na Mombasa una asili moja, yaani döner ya Waturuki, na hata jina gyros, linalotamkwa "yiros" na kumaanisha mzunguko, ni tafsiri ya jina hilo la Kituruki. Chakula chenyewe kinahusishwa sana na wakimbizi wa Kigiriki waliotoka Asia Ndogo, Uturuki ya leo, baada ya mwaka 1922. Tofauti anayoiona mla shawarma upesi ni viungo: hapa hakuna iliki wala mdalasini, bali oregano iliyokaushwa, paprika, kitunguu saumu, pilipili manga, thaimu kidogo na siki.

Jaribio la pili nilinunua paja la nguruwe kwa sababu halikuwa na mafuta na nilijiona mwerevu. Nyama ilitoka kavu, ya kutafunwa kwa subira. Jumamosi iliyofuata nilikwenda Varvakios, soko kuu la nyama lililo katika barabara ya Athinas, nikamweleza muuza nyama mmoja shida yangu. Alicheka, akaweka paja pembeni, akanikatia kilo moja ya shingo na robo kilo ya nyama ya tumbo. Mafuta ya shingo yamepenya katikati ya nyama, na vipande vichache vya tumbo vikipangwa juu kabisa ya kijiti, mafuta yake huyeyuka na kutiririka chini, yakailowesha nyama yote muda wote inapozunguka. Tangu siku ile sijabadilisha, na ningemshauri mtu yeyote aanze na hilo kabla hajailaumu mashine yake.

Namna ninavyoandaa sasa ni hii. Nyama huikalisha kwenye friza kwa dakika arobaini ili ikaze bila kuganda, kisha naikata vipande vya unene wa nusu sentimita kwa kisu kilichonolewa. Bila ya kuikaza, vipande vinatoka vinene upande mmoja na vyembamba upande mwingine. Chumvi naipima kwa mizani, gramu 12 kwa kila kilo, kwa kuwa kukisia kwa macho kuliwahi kunigharimu. Nyama ikishalala usiku kucha ndani ya friji pamoja na viungo, naanza kuichomeka: nusu ya kitunguu kikubwa kinakaa chini kama kitako, halafu kipande juu ya kipande, kila kimoja nikikigeuza upande ili nguzo isiinamie popote, na baada ya kila vipande vitano au sita naishindilia kwa viganja. Mwisho napunguza kwa kisu zile ncha zinazoning'inia, kwa sababu ndizo zinazoungua kwanza na kujaza nyumba moshi. Kazi hii inachukua dakika ishirini na tano, na ukiifanya kwa haraka utaijutia mara tu mashine itakapoanza kuzunguka, kwani nguzo iliyolegea hupepesuka na kugonga kioo.

Tabaka la kwanza huwa tayari baada ya dakika thelathini na tano hivi. Hapo nazima mzunguko, napitisha kisu kirefu kutoka juu kwenda chini na kuchonga ule upande wa nje tu uliokauka na kukolea rangi, ambao hapa hugombaniwa kama ukoko wa wali, kisha nawasha tena na kusubiri dakika nane hadi kumi kabla ya kuchonga tena. Tatizo la koili zilizo mbali nimelitatua kwa kikaango: kuanzia tabaka la tatu, vipande ninavyovichonga navimwaga kwenye kikaango cha chuma kilichopata moto sana, bila mafuta ya ziada, kwa dakika moja tu. Mgiriki mwenye msimamo mkali angesema kuwa hiyo si gyros tena. Mke wangu, ambaye ana msimamo mkali kuliko Mgiriki yeyote ninayemjua, anasema ndiyo sehemu bora ya mlo.

Kwa kuku mashine inafanya vizuri zaidi. Jirani yetu, mama mmoja kutoka Unguja, hali nguruwe, kwa hiyo anapokuja Jumapili nanunua mapaja ya kuku yaliyotolewa mifupa na kuachiwa ngozi, na vyombo vyote vinaoshwa kwanza mbele yake, kijiti cha chuma kikiwa cha kwanza. Mapaja huiva sawasawa na hayakauki, ila kwa kuku ni lazima kuwa na kipimajoto cha nyama, kwa sababu rangi ya nje hudanganya. Sichukui kipande cha ndani kabla hakijafika nyuzi 74 za sentigredi.

Mikate siipiki. Pita za Kigiriki ni nene, laini na hazina mfuko ndani, nazo zinauzwa katika kila duka kubwa hapa. Ninazipaka mafuta ya zeituni na kuzipasha kwenye kikaango. Ile pita nyembamba yenye mfuko haifai kabisa, kwani huchanika mchuzi wa nyama unapoilowesha. Tzatziki, yaani rojo zito la mtindi na tango, natengeneza mwenyewe kwa mtindi mzito uliochujwa, kitunguu saumu, siki, mafuta ya zeituni na tango lililokwaruzwa, likatiwa chumvi na kukamuliwa kwa kitambaa mpaka maji yaishe. Asiyekamua tango atapata mchuzi. Nyanya, kitunguu kibichi, paseli na chipsi chache vinaingia ndani ya pita hiyohiyo, na hapo ndipo unapokuwa na kile ambacho dukani huagizwa kwa kusema "ap' ola", yaani weka kila kitu.

Sasa kuhusu mashine yenyewe na walioiuza. Kibanio cha juu cha kushikilia kijiti hakikuwamo ndani ya boksi, na muuzaji wa mtandaoni alichukua wiki tano na barua pepe nne kunitumia. Kitufe cha saa kinakwenda mwisho wa dakika 60, kwa hiyo mashine hujizima katikati ya kazi usipokumbuka kukirudisha. Umeme unaotumika si wa kutisha, kwani saa mbili kamili haziwezi kuzidi uniti 3, lakini joto linalobaki ndani ya nyumba mwezi wa Agosti, huku nje kukiwa na nyuzi 38, ni adhabu. Nilijaribu kuihamishia kwenye baraza ya ghorofani, na upepo ukapuliza moto wote pembeni, nyama ikabaki imepauka kwa zaidi ya saa nzima. Usafi nao unahitaji moyo: trei na kioo vinatoka, lakini bati lililo nyuma ya koili halitoki, na mafuta yaliyorukia pale huganda na kunuka moshi safari inayofuata.

Kwa familia ya watu wawili au watatu nisingeshauri kuinunua. Chukua kitunguu kikubwa, kikate nusu, kisimamishe kwenye trei ya oveni, chomeka vijiti viwili vya mbao na upange nyama ileile ya shingo, kisha ioke kwa nyuzi 200, ichonge na kuimalizia kwenye kikaango. Ladha itakaribia sana, na hutakuwa na mashine ya kilo tano inayotafuta mahali pa kukaa jikoni. Sisi tunaohudumia watu wanane hadi kumi kila Jumapili ya mwisho wa mwezi tunaihitaji, hasa kwa sababu wageni hupenda kusimama mbele ya kioo na sahani zao wakingoja tabaka linalofuata. Duka la chini lilifunguliwa tena Septemba, na siku za kazi bado tunashuka kununua huko.