Mkanda wa tumbo baada ya kujifungua: ulichonisaidia na usichoweza

Nimeuvaa mkanda huu tangu mwanangu akiwa mchanga mpaka alipoanza kukaa mwenyewe, kwa hiyo ninaposema jambo juu yake ninalijua. Ni ule wa vipande vitatu unaouzwa sana Kariakoo na kwenye kurasa za Instagram: kipande cha tumbo, cha kiuno na cha nyonga, vyote vya lastiki, vinafungwa mbele kwa kubandika. Wangu niliununua Mtaa wa Kongo kwa shilingi 35,000.

Jibu langu nalitoa mapema ili asiye na muda aondoke nalo. Mkanda unashika mgongo na unampa mzazi nguvu ya kusimama na kutembea. Unene hauupunguzi. Muuzaji aliniambia, "Dada, vaa mwezi mmoja tu, tumbo linarudi kama la mwali." Maneno hayo hayo nimeyaona yameandikwa chini ya picha za mikanda mingi, na yananiuma, kwa sababu anayeyasoma ni mama aliyechoka, halali usiku, na anajitazama kwenye kioo kwa huzuni.

Naomba nieleze kwa nini wengi wanaapa kwamba mkanda umewatoa tumbo. Siku unayojifungua, mtoto, kondo la nyuma na maji vinatoka, na kilo tano au sita zinaondoka hapo hapo. Baada ya hapo mfuko wa uzazi unahitaji kama wiki sita kusinyaa na kurudi ndani ya nyonga ulipokuwa. Maji mengi ambayo mwili uliyaweka wakati wa ujauzito nayo yanatoka kwa jasho na mkojo katika wiki za mwanzo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya tumbo linaloonekana siku zile za mwanzo si mafuta, na litapungua ufunge usifunge. Kunyonyesha kunaharakisha. Mtoto akinyonya, mwili unatoa homoni ya oksitosini inayoubana mfuko wa uzazi, na ndiyo maana chango linakushika hasa pale mtoto anaposhika ziwa. Mama aliyevaa mkanda katika kipindi hicho anaona tumbo linashuka kila wiki, na sifa zote anaupa mkanda.

Mimi nililelewa uzazi na mama yangu, alikuja kutoka Tanga akakaa nami arobaini nzima. Yeye hakuutaka mkanda wa dukani kabisa. Alinifunga mkaja kwa kanga, kama alivyofungwa yeye na mama yake. Kwetu jambo hili lina heshima yake: hata binti akiposwa, mama wa binti hupewa mkaja wake, kwa kutambua tumbo lililomzaa. Nikimwangalia mama anavyofunga nilijifunza kitu ambacho hakikuandikwa popote kwenye boksi la mkanda. Anaanzia chini, kwenye nyonga, anapanda taratibu, na juu anaacha nafasi ya kupumua. Kila baada ya muda anauliza, "Unavuta pumzi vizuri?"

Hilo ndilo la kuzingatia kuliko yote ukiwa na mkanda wa lastiki. Wengi tunakaza kiuno kwa nguvu ili umbo lionekane, chini kunabaki kumelegea. Ukikaza katikati, shinikizo lote linakwenda chini, kwenye misuli inayoshikilia kibofu na mfuko wa uzazi, misuli ambayo imetoka kubeba mimba na bado ni dhaifu. Ukikohoa mkojo ukaponyoka, au ukahisi uzito kama kuna kitu kinataka kushuka ukeni, fungua mkanda uende hospitali. Mama aliyefanyiwa upasuaji asiuvae kabla ya kumuuliza daktari wake, na ukiruhusiwa, angalia usisugue mshono. Kulala nao, mimi nasema hapana.

Sasa bidhaa yenyewe. Joto la Dar, hasa Januari na Februari, linaufanya mkanda uwe adhabu. Bila fulana nyepesi ya pamba ndani, vipele vya joto vinajaa kiunoni. Vile vijiti vya plastiki vya pembeni vinachoma mbavu ukikaa kunyonyesha, kwa hiyo nilizoea kulegeza kipande cha kiuno kila nikikaa. Sehemu za kubandika zikiingiwa nyuzi za nguo haziumani tena. Zisafishe kwa mswaki wa zamani, fua kwa mkono, anika kivulini. Usinunue kwa kukisia saizi. Pima kiuno na nyonga kwa futi ya fundi cherehani, na upime baada ya kujifungua, maana saizi ya kabla ya mimba haitakusaidia.

Pale uliponifaa kweli ni mgongo. Likizo ya uzazi ya siku 84 ilipoisha nikarudi kazini, na kusimama kwenye daladala kutoka Mbezi kulikuwa kunanimaliza. Nikivaa kipande cha nyonga peke yake, maumivu yanapungua sana. Kwa hilo tu, fedha yangu siijutii.

Kilo zangu zilipungua kwa njia nyingine, na ilihitaji subira. Kliniki ya wiki ya sita muuguzi aliniambia, "Mama, lala chali, kunja magoti, inua kichwa kidogo." Akaweka vidole juu ya kitovu kupima nafasi kati ya misuli miwili ya tumbo, ile inayotengana wakati wa ujauzito. Nafasi ikizidi vidole viwili, kukimbilia mazoezi ya kuinuka na kulala kunaweza kufanya tumbo litokeze zaidi. Yangu ilikuwa imezidi. Akanifundisha kuvuta pumzi hadi tumboni, kisha kuitoa taratibu huku nikibana misuli ya chini kama mtu anayezuia mkojo. Zoezi hilo unalifanya hata ukiwa umempakata mtoto. Baadaye nikaongeza kutembea jioni, mtoto nimembeba.

Kwenye chakula sikujinyima. Mama anayenyonyesha anatumia kama kalori 500 zaidi kwa siku kutengeneza maziwa, na njaa ile ni ya haki. Mtori, supu ya kuku na uji wa pilipili manga vya arobaini nilivila kwa moyo mweupe, mwili ulikuwa unajijenga. Baada ya arobaini nilipunguza sukari kwenye chai na uji, chapati zikawa za siku moja moja, ugali ukapungua kwenye sahani na nafasi yake ikachukuliwa na mchicha, maharage na samaki. Uzito ulishuka kama nusu kilo kwa wiki, wiki nyingine haukusogea kabisa. Kasi hiyo inatosha kwa mama anayenyonyesha.

Muuzaji yule yule alitaka kunifungia na chai ya kupunguza tumbo. Nilikataa. Nyingi ya chai hizo zina sanamaki, dawa inayomfanya mtu aharishe. Unachopoteza ni choo na maji, mafuta yanabaki palepale, na mama anayenyonyesha anayahitaji maji hayo kuliko mtu yeyote nyumbani.

Kama mgongo na nyonga vinakuuma, au unajihisi huna mhimili ukisimama, nunua mkanda, na kama bajeti ni ndogo chukua kipande cha nyonga peke yake, muuzaji akikubali kukitenganisha. Unachotaka ni kupunguza kilo? Fedha hiyo nunulia samaki na mboga, na kwenye kliniki ya wiki ya sita mwombe muuguzi akupime misuli ya tumbo. Wengine hawapimi mpaka uombe.