Huduma ya "toa maoni yako" ya kaunti enzi za korona: nyota mbili, na moja ni ya redio

Watu wanaandika rivyu za simu, za saluni, za hoteli za biriani, mie leo naandika rivyu ya kitu nilichokuwa nakilipia kila siku kwa tiketi ya soko na hakuna siku hata moja niliulizwa nimekionaje. Ni ile wanaita ushirikishwaji wa umma, yaani kaunti kuwauliza wananchi maoni kabla haijapitisha bajeti na sheria zake. Kaunti siitaji jina, wenyewe wakisoma watajijua, na kama we ni mtu wa soko lolote huku Pwani ya Kenya pengine utafikiri nasema yako.

Kwanza mnijue mteja mwenyewe. Nauza nazi, ndimu na mchaichai, meza yangu iko hatua sita kutoka choo cha soko, yaani kilichokuwa choo, maana ukuta ulianguka 2018 wakaweka bati mbili na kamba. Tangu hapo kila kikao cha kaunti nikisimama swali langu ni moja tu, mpaka wenzangu wakaniita Mama Choo. Nacheka nao lakini jamani, mwanamke anakaa sokoni kuanzia alfajiri mpaka magharibi bila pahali pa kwenda, anakunywa maji kwa kuyahesabu.

Kabla ya korona huduma ilikuwa hivi. Gari la kaunti lenye spika linapita siku mbili kabla, linapiga kelele hata huelewi anasema nini ila unashika tarehe. Siku ikifika kuna hema, viti vya plastiki, soda na mandazi (na tuseme ukweli, kuna waliokuwa wanakuja kwa ajili ya soda). Mheshimiwa wa wadi anachelewa saa mbili. Lakini ukishika maiki umeshika, ukisema kitu cha maana watu wanapiga makofi na yule karani wa bajeti anaona kwa macho yake kwamba si wewe peke yako, na ukiongea pumba unazomewa unakaa. Ningewapa nyota tatu, hasara yake ni kwamba maji huwa yashamwagika, mnaulizwa mnataka nini na kitabu cha bajeti kishachapishwa.

Halafu ikaja Machi 2020. Mgonjwa wa kwanza Kenya akatangazwa tarehe 13, shule zikafungwa, misikiti na makanisa yakafungwa, mikutano ikapigwa marufuku, na 27 Machi kafyu ikaanza, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Siku hiyohiyo ya kwanza watu waliokuwa wanang'ang'ana kuvuka feri pale Likoni wakapigwa vitoa machozi na hata saa moja yenyewe haijafika. Baada ya hapo nani angesimama barabarani aulize kaunti inafanya nini? Mnakaa ndani mnasubiri kuambiwa.

Na tukaambiwa kweli. Mwisho wa Aprili tulikuta soko lina utepe na askari wa kaunti wawili, soko limefungwa kupigwa dawa, wafanyabiashara wote mwende uwanja wa shule ya msingi. Tangazo lilikuwa karatasi moja imebandikwa getini, tarehe yake ni ya siku ileile. Sasa mie sikatai, soko letu lilikuwa limebanana, ugonjwa ungepita pale kama moto kwenye makuti, wazo la kututawanya lilikuwa zuri. Shida ni yale mambo madogo ambayo mtu yeyote wa soko angewaambia kwa dakika kumi bila hata kikombe cha chai. Kwamba Aprili na Mei ni masika na ule uwanja unashika maji. Kwamba biashara ya jumla huku hufanyika kabla jua halijatoka, lori la nazi linashusha saa tisa usiku, sasa ukisema soko lifunguliwe saa kumi na mbili na kafyu inaisha saa kumi na moja, huyo wa lori atashusha saa ngapi, na muuza rejareja atafika kijijini kwake saa ngapi? Wakachora miraba ya chokaa mita mbili mbili, kazi nzuri kabisa, mvua ikanyesha usiku huo asubuhi hakuna mraba hata mmoja. Na vyoo vya shule vilikuwa na kufuli, mwalimu mkuu kaenda na ufunguo kwao ndani ndani huko. Nilicheka mpaka machozi, maana Mama Choo kahamishwa na shida yake imemfuata.

Kwa hapo nyota ni sifuri. Hakuna huduma iliyotolewa, sasa nitaipimaje.

Sasa mtu wa sheria atasema ilikuwa dharura, na kweli. Lakini bajeti haikuwa dharura, ile ina kalenda yake, makadirio yafike bunge la kaunti kabla ya 30 Aprili na bajeti ipite kabla ya 30 Juni, korona au hakuna korona. Na Katiba ya 2010, Kifungu cha 196, inaliambia bunge la kaunti liwashirikishe wananchi, hakuna pahali imeandikwa isipokuwa mkiugua. Hapo ndo wakaleta bidhaa mpya, kikao cha Zoom, mkutano wa kwenye mtandao.

Nilikijuaje? Kupitia mtoto wa dada yangu aliyeona tangazo kwenye picha ya gazeti iliyokuwa inazunguka WhatsApp, maandishi madogo kama sisimizi, Kiingereza kitupu, linki ndefu ambayo huwezi kuibonya kwa sababu ni picha. Ikabidi aichape herufi moja moja. Gazeti lenyewe lilikuwa shilingi 60, na wakati ule nilikuwa narudi nyumbani na faida ya 150 siku nyingine.

Siku ya kikao nikanunua bando la 50, nikajifunga leso yangu mpya (sijui kwa nini, kamera yenyewe sikuiwasha), tukakaa mie na wenzangu watatu wa soko nyuma ya banda la kuku tukizunguka simu moja, barakoa kidevuni. Kikao cha saa tatu kikaanza saa nne na nusu. Kwenye skrini nikahesabu watu arobaini na kitu, na ukisoma majina wengi ni ofisi, Fedha 2, Mipango, Karani, Idara hii, Idara ile. Wananchi pengine tulikuwa kumi. Tukamyutiwa sote, yaani sauti zetu zikazimwa. Bwana mmoja akaanza kusoma faili la kurasa zaidi ya 200, anasema tazameni jedwali, jedwali kwenye simu yangu ni mistari ya buluu na wino umemwagika. Akasema maswali muandike kwenye chati, pale pembeni pa kuandikia ujumbe. Mwenzangu mmoja hajui kuandika lakini ukimpa maiki angemwambia gavana mpaka jina la ng'ombe wa babu yake. Akaondoka akaenda kuangalia kuku.

Nikaandika mie. Nakumbuka neno kwa neno, "Choo cha soko kiko ukurasa gani". Likapita swali langu, likafunikwa na "Good morning all" tano na mtu anaomba linki tena. Nikaliandika mara ya pili. Bwana akasoma, akasema ni swali zuri, tutalishughulikia nje ya kikao. Nikamuuliza kijana wetu nje ya kikao ni wapi, akanijibu shangazi, hapo ndo ushajibiwa. Dakika kama tano baadaye bando likakatika, picha ikabaki pale, bwana mdomo wazi.

Ila kilichonikata maini ni ripoti. Ilitoka baadaye, kijana akanitafutia, na kweli tuko mle, namba 27 kwenye orodha ya waliohudhuria ni simu yangu. Sisi wanne tumeandikwa mtu mmoja, na yule bwana wa Fedha 2 naye kaandikwa mwananchi. Swali langu limekuwa "mshiriki aliuliza kuhusu usafi". Na mwisho wake, washiriki kwa jumla waliunga mkono mapendekezo. Wallahi niliunga mkono lini? Bando lilikatika! Kwa hiyo kukatika kwa bando ndo ndiyo yangu.

Zoom nyota nusu, na hiyo nusu ni kwa sababu mkutano ulirekodiwa, hema halikuwahi kurekodiwa.

Hapa niwaambie kitu nilichokuja kuelezwa na wakili mmoja mteja wangu wa ndimu, kikanikaa. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliitupa Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013 kwa sababu watu hawakushirikishwa inavyotakiwa. Jaji Odunga akasema haitoshi kutwiti halafu ukamwachia anayejali ajiokotee, bunge la kaunti litumie kila pahali watu wanapokusanyika, akataja makanisa, misikiti, mahekalu, mabaraza, na redio za kitaifa na za lugha za kienyeji. Sasa chukua orodha hiyo uiweke juu ya mwaka 2020. Kanisa limefungwa. Msikiti umefungwa. Baraza ni marufuku. Kilichobaki wazi ni redio, na ni kitu ambacho kila kibanda kinacho, hata mwenye simu ya kadoda, ile ndogo ya batani, anayo ndani ya simu, haimli bando. Lakini kaunti ikakimbilia Zoom.

Na si kwamba redio hawakuijaribu! Juni waliingia redio moja ya huku, saa moja tu, daktari wa kaunti na afisa wa soko. Ule ndio wakati Rais Uhuru alikuwa amezitaka kaunti ziwe na vitanda 300 vya kutenga wagonjwa kila moja, kwa hiyo watu walikuwa na maswali, vitanda vitawekwa wapi, mbona hosteli iliyo karibu na shule, maiti atazikwa na nani na ataoshwa vipi. Simu hazikuisha. Mzee mmoja akapiga akawauliza mbona lori linangojeshwa na kafyu, na yule afisa wa soko, si utani, akasema "hilo sikulijua, naliandika". Na akaliandika. Baada ya wiki soko la uwanjani likagawanywa, wa jumla wakapewa kona ya nyuma wafunguliwe geti saa kumi na moja palepale kafyu ilipokuwa ikiisha mwanzoni, kafyu yenyewe kufikia hapo ilikuwa ishasogezwa mpaka saa kumi alfajiri lakini geti likabaki saa kumi na moja, basi, tulishukuru hivyohivyo. Swali moja kutoka kwa mzee mwenye simu ya batani lilifanya kazi kuliko kurasa 200. Hiyo ndo nyota kamili ninayowapa.

Nusu nyingine ya nyota naitoa kwa mikutano midogo ya Julai. Tarehe 7 zuio la kuingia na kutoka Mombasa likaondolewa, nyumba za ibada nazo zikaruhusiwa kufungua kidogo kidogo, watu wasiozidi mia, saa moja tu, na wenye zaidi ya miaka 58 wabaki nyumbani. Kaunti nayo ikaanza kuita wawakilishi, kila safu ya soko itoe watu wawili, tunakutana chini ya mwembe, mmoja wa wauza samaki, mmoja wa mitumba (na wa mitumba walikuwa na lao, marobota yalizuiwa kuingia nchini mpaka Agosti). Ilikuwa nzuri, tulisikilizana. Mbona nusu basi? Kwa sababu wazee hawakuitwa, lile sharti la miaka 58 la kanisani na msikitini likatumiwa na chini ya mwembe, na huku kwetu mwenye kujua maji yalikuwa yanapita wapi kabla soko halijajengwa ni mzee wa miaka 70. Wangeweza kumpigia simu.

Niwe na haki pia, kaunti zenyewe zilikuwa zinakaliwa na hali ngumu. Makusanyo ya soko yalishuka, mie mwenyewe nilikuwa najificha mwenye tiketi akipita, na pesa kutoka Nairobi zikakwama kwa sababu maseneta walivutana kuhusu fomula ya kugawana mpaka tarehe 17 Septemba ndo wakapatana. Wauguzi walikuwa wanadai mishahara. Sasa mtu wa soko akiuliza choo, najua kuna mtu ofisini anasema huyu naye! Lakini tulikuwa tunaambiwa tunawe mikono kila saa, sokoni kuna matenki mawili ya maji ya msaada na pahali pa kujisaidia hakuna. Choo kilikuwa ndo korona yenyewe.

Bei: bando 50, boda kwenda kupata mtandao 100, siku ya kazi iliyopotea, na ukitaka kupeleka maoni kwa maandishi uchapishe, upige muhuri, upeleke makao makuu ya kaunti ambayo ni gari mbili na matatu wakati ule zinabeba zaidi kidogo ya nusu ya abiria na kuchaji karibu mara mbili. Kwa huduma inayosemekana ni ya bure.

Kwa anayeuliza kama choo kilijengwa: kilijengwa, 2022, mwaka wa uchaguzi, kina milango miwili na bango kubwa la picha kuliko mlango. Mmoja ni wa wanaume, mwingine una kufuli, ufunguo anao askari wa soko, unalipa 10. Juzi nilimkuta askari kaenda kunywa chai.