Saa ya betri na saa ya kutia ufunguo: ipi hukaa na majira?

Zote mbili huhesabu mitikisiko. Tofauti ni kinachotikisika. Ndani ya saa ya betri mna kipande kidogo cha fuwele ya kwatzi (aina ya jiwe), kimechongwa mfano wa uma wa meno mawili. Kikipata umeme hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo haikuokotwa tu: igawe kwa mbili mara 15, inabaki 1, yaani pigo moja la kusukuma mshale kila sekunde.

Saa ya ufunguo hutegemea gurudumu linalokwenda na kurudi, mara nyingi mapigo 8 kwa sekunde. Hukosea sekunde kadhaa kwa siku. Ya betri hukosea kama 15 kwa mwezi. Kwa usahihi, basi, hakuna ubishi, tangu Seiko, kampuni ya Japani, walipotoa saa ya kwanza ya mkononi yenye kwatzi mwaka 1969.

Adui wa saa ya ufunguo ni sumaku. Ukiilaza juu ya spika, mizunguko ya springi nyembamba inayolirudisha lile gurudumu hunatana, springi inafanya kazi kama imefupishwa, na saa inakimbia. Fundi huitoa sumaku kwa sekunde chache bila hata kuifungua. Ya betri nayo: betri iliyokufa ikiachwa ndani huvuja na kula saketi.