Baiskeli ya Resi au ya Milimani: Mwanachama Mpya wa Klabu Achukue Ipi?

Kwa bei, ya milimani ya mtumba inashinda, na spea zake fundi yeyote wa mtaani anazo. Ya resi hukugharimu zaidi baadaye, maana kifaa cha kubadilisha gia kikipinda huenda ukaagizia Nairobi.

Kwa uimara, tazama tairi. Ya resi ina upana wa milimita 25 hivi na hujazwa upepo hadi igome kubonyezeka kwa kidole. Upepo ukipungua halafu ugonge shimo kwa kasi, tyubu hubanwa kwenye rimu na kutoboka matundu mawili sambamba, kama alama ya meno ya nyoka. Beba tyubu mbili na pampu, la sivyo utarudi nyumbani kwa matatu.

Lakini kwenye lami hakuna mjadala. Kundi likiongeza kasi, mwenye tairi nene huachwa, na akishaachwa anapambana na upepo peke yake. Kujikinga nyuma ya mwenzako ndiyo nusu ya mbio.

Kuhusu maisha ya klabu, mimi naegemea ya milimani. Chris Froome, bingwa wa Tour de France mara 4, alianzia kwenye vijia vya udongo vya Kikuyu, karibu na Nairobi, na mkufunzi wake David Kinjah wa klabu ya baiskeli ya Safari Simbaz. Njia mbovu hufundisha kumiliki usukani.

Kwa hiyo kama klabu yenu hushindana barabarani na mfuko unaruhusu, chukua ya resi. Kama baiskeli hiyo hiyo ndiyo ya kukupeleka kazini Jumatatu, chukua ya milimani.